Mkasi wa Taifa na Siku Tisa za Moshi

Ipo nchi moja ambayo jina lake sitalitaja, maana wenyewe hawapendi itajwe kabla haijazinduliwa, na mpaka ninapoandika haya mgeni rasmi wa shughuli hiyo hajapatikana. Lakini watu wamo humo. Wanazaliwa, wanaoana, wanalipa ushuru wa taka zisizozolewa. Ni nchi nzuri sana, mimi sina neno nayo.

Katika nchi hiyo hakuna kitu kinachoanza mpaka kizinduliwe. Nje kidogo ya mji mkuu kuna daraja lililokamilika miaka kumi na moja iliyopita. Limeshapakwa rangi mara tatu. Chini yake utawaona wananchi wamepandisha suruali na kanga, wanavuka mto kwa miguu, wametulia kabisa. Ukiwauliza kwa nini hawapiti juu, watakushangaa wewe. Juu wapite vipi na utepe haujakatwa? Watu wastaarabu wale, si kama sisi.

Na kwenye habari za utepe ndipo anapoingia Seleverio Kihwili, Mtunza Mkasi wa Taifa.

Kihwili alikuwa ameutunza mkasi huo kwa miaka kumi na tisa. Ulikuwa wa rangi ya dhahabu, unalala ndani ya sanduku lililotandikwa mahameli nyekundu. Wakisafiri, mkasi unakaa kiti cha mbele cha gari la ofisi na Kihwili anakaa nyuma. Alizijua kanuni za itifaki kwa moyo: mgeni rasmi hasubiri, mgeni rasmi hapokei kitu kwa mkono wa kushoto, mgeni rasmi hainami. Utepe ufungwe usawa wa kifua chake, wala si chini ya hapo, asije akaonekana anauinamia.

Sasa niwaibie siri moja. Mkasi wenyewe haukati. Zamani kiongozi mmoja alijichana kidole akizindua kisima, ikaundwa tume, tume ikazunguka nchi saba kujifunza namna wenzetu wanavyokata, ikarudi na pendekezo kwamba makali yaondolewe. Yakaondolewa. Tangu hapo Kihwili anatangulia saa mbili kabla ya sherehe, anaukata utepe kwa wembe, kisha anaushikiza kwa mshono mmoja wa uzi hafifu. Mheshimiwa akibana tu, mshono unaachia, vigelegele! Siri hiyo waliijua watu wawili. Mmoja ni fundi Kilua, aliyeshona tepe zote za taifa. Alikuwa fundi hodari na mfupi mno, kimo chake kinamwishia Kihwili kwenye kiwiko, ndiyo maana alikuwa anapima suruali za watu bila kupiga magoti. Wa pili ni Asteria, mke wa Kihwili.

Asteria, Mama Noela kwa watu wa mtaani, alikuwa na pumu tangu utotoni, na mdomo tangu kabla ya hapo.

"Yaani unaukata wewe," alikuwa akisema, "halafu makofi wanapigiwa wao."

"Kazi ni kazi, Mama Noela."

"Sijasema si kazi. Nasema ni upuuzi."

Basi mwaka huo kiangazi kikawa kikali, nyasi za kilima kilicho juu ya mji zikashika moto. Chanzo hakijulikani, kwa sababu tume ya kuchunguza chanzo haijazinduliwa. Moto ukashuka na upepo, ukala mikaratusi, ukaingia mjini. Uliingia kwenye kiwanda cha magodoro, ukatoka hapo ukaenda kwenye duka la rangi, ukahamia kwa wale wanaovunja betri kuukuu, kisha ukatulia kwenye lundo la matairi kama mtu aliyefika kwao. Nyumba mia mbili zikaenda, pamoja na vigae vyake vya zamani, nyaya zake, mabomba yake ya plastiki na vyombo vya watu.

Zimamoto walikuwa na gari jipya kabisa, viti vyake bado vina nailoni. Lakini mbele lilikuwa na utepe. Askari wakatoka nje, wakajipanga mstari, wakautazama moto kwa nidhamu ya hali ya juu.

Moshi ukaukalia mji. Haukuwa ule wa kuni tuliouzoea jikoni. Huu ulikuwa mweusi, mzito, na ukivuta pumzi ulimi unaonja chuma. Kuku wakalala saa sita mchana. Watu wakaanza kukohoa mmoja mmoja, halafu familia nzima, halafu mtaa mzima, na msikitini na kanisani mahubiri yakawa hayasikiki.

Serikali ya nchi hiyo, tuseme ukweli, haikulala. Siku hiyohiyo iliundwa Kamati ya Maandalizi ya Uzinduzi wa Zoezi la Kitaifa la Kukabiliana na Moshi, wajumbe arobaini na mmoja. Jioni tayari kulikuwa na kamati ndogo ya chakula, ya burudani, ya mapambo na ya sare. Kamati ya burudani ilipata ubishi kidogo kuhusu kwaya, kwa sababu kila kwaya iliyoitwa kwenye usaili ilikuwa inakohoa kwa sauti zote nne. Katibu wa Kamati, Bwana Chikoleka, alizungumza redioni.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa," alisema. "Nichukue fursa hii adhimu kuwajulisha kwamba kaulimbiu imeshapatikana, nayo ni 'Pumzi Yako, Wajibu Wako.' Tunawaomba muendelee kuvumilia. Mgeni rasmi atakuwa Mheshimiwa Domisiani Ng'wenda, ambaye kwa sasa yuko nje ya nchi akituwakilisha kwenye mkutano wa hewa safi."

Siku ya pili zikaja barakoa. Marafiki wa nchi hiyo walileta maboksi elfu nne, zile barakoa nene zinazobana pua, yakawekwa ghalani kwenye uwanja wa zahanati ya mtaa wa akina Kihwili. Kihwili akaitwa na utepe wake, akaufunga mlangoni, kutoka mwimo mmoja hadi mwingine, usawa wa kifua. Mlango wenyewe uliachwa wazi mchana kutwa, maana watu wa kamera walitaka maboksi yaonekane nyuma ya utepe. Yalionekana vizuri sana. Wagonjwa waliolala chini ya mti wa zahanati waliweza hata kusoma maandishi.

Msimamizi wa zahanati, Sista Praxeda, alimwita Kihwili pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyemenya vitunguu wiki nzima.

"Mzee Kihwili, nisikilize. Huu si moshi wa majani. Humu kuna rangi, kuna betri, kuna sponji, kuna vile vigae vya zamani. Vinaungua vinakuwa chembechembe ndogo, huzioni. Zinapita kifuani zinaingia mpaka kwenye damu. Mwenye moyo mbovu, moyo unamsimama. Mwenye pumu, ndiyo usiseme. Watu wanajifunga kanga mbichi usoni, kanga haizuii kitu. Zile barakoa ndizo zinazuia."

"Naelewa, Sista."

"Kama unaelewa, zitoke leo."

"Zitatoka," alisema Kihwili kwa upole. "Mgeni rasmi akifika tu."

Mheshimiwa alikuwa ameshafika, ila angani. Ndege yake ilizunguka juu ya mji mara nne, rubani akasema haoni uwanja kwa sababu ya moshi, wakarudi walikotoka. Kamati ikakaa kikao cha dharura na kuazimia kwamba moshi unakwamisha jitihada za kupambana na moshi. Azimio likapitishwa kwa kauli moja na kikohozi.

Siku ya tatu Asteria akashikwa. Kichupa chake cha dawa ya kuvuta kilikuwa kimebakiza kidogo, na kila alipokitikisa alikisikiliza kama anayenunua nazi. Kihwili alimpeleka zahanati kwa baiskeli, akamkalisha kwenye benchi linalotazamana na ghala. Asteria akayaangalia yale maboksi. Akaangalia mlango ulivyo wazi. Akaangalia utepe.

"Baba Noela."

"Naam."

"Zile barakoa zimefungiwa?"

"Hazijafungiwa. Ziko tayari kabisa. Bado kuzinduliwa."

"Mlango uko wazi."

"Uko wazi."

"Sasa si mtu ainame tu, apite chini ya huo utepe?"

Benchi zima likacheka, waliokuwa na pumzi ya kuchekea. Mama mmoja akasema jamani homa imempanda kichwani. Fundi Kilua, aliyekuwa mwisho wa benchi akikohoa ndani ya kofia yake, alijifuta macho na kusema, "Shemeji yangu wewe! Utepe nimeupiga pindo mara mbili kwa mikono yangu. Nimeweka uzi wa kushonea viatu. Halafu mtu apite chini yake kama mbuzi? Nitakuwa mgeni wa nani mimi?"

"Mfe basi," alisema Asteria, akageukia ukutani.

Kihwili aliona aibu kwa niaba ya mkewe. Lakini jioni ile, akimkanda mgongo na kusikia kifua chake kinavyopiga filimbi, yale maneno yalimrudia. Ainame tu. Akayafukuza. Mtu aliyekaa na mkasi wa taifa miaka kumi na tisa hawezi kuwaza mambo ya mbuzi.

Siku ya tano fundi Kilua akafa. Alikutwa ameegemea cherehani, mguu uko kwenye pedali. Sista Praxeda aliandika kwenye cheti kwamba ameuawa na moshi. Cheti kikarudishwa kutoka wilayani kwa wino mwekundu: janga la moshi halijazinduliwa, kwa hiyo marehemu hawezi kuwa amekufa kwalo, tafadhali taja sababu nyingine. Sista akaandika tena moshi. Kikarudi tena. Mwisho wilaya ikajiandikia yenyewe kwamba marehemu alifariki kwa kutokuwa na subira, na familia ikapewa pole ya maandishi.

Siku hiyohiyo Bwana Chikoleka alifika zahanati na tabasamu. Alikuwa anatafuta Mgonjwa wa Mfano, yule atakayevalishwa barakoa ya kwanza na Mheshimiwa mbele ya kamera. Alipita kwenye mikeka akiwasikiliza watu wanavyokohoa, huyu kavu mno, huyu analalamika, huyu sura haivutii. Alipomfikia Asteria alisimama.

"Huyu! Huyu anakohoa vizuri. Kinatoka ndani kabisa. Ni nani?"

"Ni mke wangu," alisema Kihwili.

"Hongera sana, Mzee! Heshima ya namna gani hii!" Kisha akamgeukia Sista Praxeda. "Tafadhali asipewe dawa nyingine mpaka siku ya shughuli. Akipata nafuu tutakuwa tumemharibu."

Sista Praxeda alimjibu jambo ambalo siwezi kuliandika, yeye mtawa na mimi mtu wa heshima. Lakini dawa yenyewe ilikuwa imeisha tangu jana yake, hivyo agizo la Katibu lilitekelezwa kwa asilimia mia.

"Unasikia?" Asteria alimnong'oneza mumewe, pumzi fupifupi. "Nimepanda cheo. Wewe unatunza mkasi, mimi natunzwa ugonjwa."

Kihwili hakucheka. Alikuwa anaogopa. Nalisema wazi kwa sababu yeye asingelisema: aliogopa kwamba mwanamke huyu, aliyemsema kila asubuhi kwa miaka thelathini na moja, angenyamaza.

Siku ya saba mvua ikanyesha. Mvua ya kiangazi, haikuombewa wala haikualikwa, ikapiga usiku kucha ikazima kila kitu. Asubuhi watu walitoka nje wakaona kilima, wakakumbuka kumbe tunacho kilima. Asteria alivuta pumzi tatu mfululizo bila kukohoa, akaomba uji.

Kamati ilikuwa kwenye msiba. Vitenge vya sare vimeshashonwa, ng'ombe wameshachinjwa, na Mheshimiwa anatua kesho kuzindua zoezi la kukabiliana na moshi, na moshi hakuna! Bwana Chikoleka alishika kichwa. Mjumbe mmoja mpya, ambaye hakuwa na uzoefu, alipendekeza Mheshimiwa aambiwe kwamba moto umezimika. Alitolewa nje. Ikaamuliwa kwamba moto urudishwe kwa muda, kwa kiwango cha sherehe tu. Yakasombwa matairi, magodoro yaliyonusurika na makopo ya rangi, yakapangwa nyuma ya zahanati, upande upepo unakotokea, ili kamera zipate.

Siku ya tisa, saa mbili asubuhi, wakawasha.

Kihwili alikuwa amefika na sanduku lake na wembe mfukoni, kama kawaida, saa mbili kabla. Alikuwa akielekea ghalani kuukata utepe aliposikia kutoka chini ya mti ile sauti, ile filimbi, ikipanda. Moshi wa magodoro ulikuwa umeshamfikia Asteria. Kihwili akaliweka sanduku la mkasi wa taifa chini, mchangani, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaenda kumshika mkewe. Alimkalisha, akampepea kwa karatasi ya ratiba, akampa chai ya moto kijiko kwa kijiko. Sista Praxeda alipita mara mbili akamwekea mkono begani. Hivyo zikapita saa zile mbili, na wembe ukabaki mfukoni.

Mheshimiwa Ng'wenda akafika. Ngoma, vigelegele, utambulisho wa meza kuu, utambulisho wa waliokosa nafasi meza kuu. Risala ilisomwa na mtu aliyepokezana na wengine watatu kila alipozidiwa. Asteria alikuwa kiti cha mbele, kando ya mlango wa ghala, kafungwa utepe mdogo mkononi kama alama. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Ndugu zangu," Mheshimiwa alianza, "itifaki imezingatiwa. Nimetoka kwenye mkutano wa hewa safi, na nataka niwahakikishie, hewa safi ipo. Nimeivuta mwenyewe." Makofi. "Wapo wanaobeza wanaosema tumechelewa. Nawauliza, tumechelewa nini, wakati moshi huu hapa bado upo?" Makofi tena. Hapo upepo ukageuka, naye akakohoa, na wananchi kwa adabu wakakohoa naye.

Akakabidhiwa mkasi kwa mikono miwili. Akausogelea utepe, akatabasamu kwa kamera, akabana.

Utepe haukuachia.

Akabana tena. Kihwili, aliyekuwa hatua mbili nyuma yake, akakumbuka kwamba hakuwa ameukata. Akaugusa wembe mfukoni. Utepe ule ulikuwa mzima, pindo mara mbili, uzi wa kushonea viatu, kazi ya fundi Kilua, Mungu amrehemu. Mheshimiwa akaanza kuukereza kama anayekata mkate kwa kijiko. Jasho likamtoka, moshi ukamwingia.

"Mzee," alimnong'oneza Kihwili kwa hasira, "huu mkasi una nini?"

"Uko sawa, Mheshimiwa. Ndivyo ulivyo."

"Nipe barakoa. Haraka!"

"Hazijazinduliwa, Mheshimiwa," Bwana Chikoleka alidakia, kwa mazoea tu, kisha akauziba mdomo wake.

Kihwili akamtazama mkewe. Asteria alikuwa hakohoi tena. Alikuwa kainama mbele, mikono kwenye magoti, anatafuta pumzi moja haiji, na macho yake yako kwa mumewe. Hakumwambia kitu. Kwa miaka thelathini na moja hajawahi kukosa la kumwambia.

Angeweza kutoa wembe. Lakini wembe ungetaka maelezo, maelezo yangetaka muda, na muda ndio alioutumia wote siku tisa. Kihwili akashika goti lake bovu, akainama. Akapita chini ya utepe wa taifa, mbele ya meza kuu, kamera na kwaya. Uwanja mzima ukaguna. Akapasua boksi la kwanza kwa kucha, akatoka vilevile alivyoingia, akapiga magoti akamvalisha mkewe, akabana kile chuma cha pua kama maandishi ya boksi yalivyosema. Sista Praxeda hakungoja. Aliinama naye, kilemba kikagusa utepe, akatoka na mtungi wa hewa uliokuwa nyuma ya maboksi, ambao nao ulikuwa unasubiri. Nyuma yake akapita mama yule aliyecheka benchini. Kisha wakapita wote.

"Na mimi!" alipiga kelele Mheshimiwa, machozi yanamtoka, mkasi bado mkononi. "Mimi je?"

"Wewe endelea kukata, Mheshimiwa," alisema Kihwili bila kugeuka. "Mgeni rasmi hainami."

Taarifa ya kamati inasema sherehe ilifana, na kwamba Mheshimiwa alikata utepe kwa muda mrefu kuliko kiongozi yeyote katika historia ya nchi. Kihwili alisimamishwa kazi na kushtakiwa kwa kuzindua bila uteuzi. Baraza la kusikiliza kesi yake ni jipya, liko tayari, jengo lina viti na kila kitu, na mlangoni kuna utepe.

Asteria alifungua macho vizuri saa tisa alasiri, mtungi wa hewa kando yake. Sista alikuwa ameshamwambia Kihwili ukweli: kifua hiki hakitarudi kuwa kile cha zamani, chembe zilizoingia zimeingia. Kihwili alikuwa ameushika mkono wa mkewe, anasubiri asemwe. Alitamani asemwe.

Asteria aliteremsha barakoa kidogo. Aliutazama ule utepe, bado umekaza mlangoni, haujakatika hata uzi mmoja, usawa wa kifua cha mgeni rasmi.

"Baba Noela," alisema taratibu. "Kilua hata kuinama asingehitaji."